Batholomeo Kaijage, Mkwe Aliyeahidi Nanasi

Wafiwa, majirani wa Zuzu na Ipagala, na ninyi mliosafiri kutoka Kagera, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Marehemu hakupenda maneno marefu, kwa hiyo wasifu huu, unaosomwa leo Ijumaa tarehe 18 Juni 1999 na shemeji yake Yotham, utakuwa mfupi kadiri mashemeji wanavyoweza kufupisha.

Batholomeo Kaijage alizaliwa Kamachumu, Kagera, tarehe 24 Agosti 1950. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Batholomeo, hivyo hakuna aliyesumbuka kumtafutia jina. Alikulia migombani, mahali ambapo mananasi yalikuwa yakijiotea nyuma ya nyumba. Yaliliwa, yakaota mengine, na hakuna aliyejua yalipandwa lini. Shikeni hilo, maana ndilo lililomponza baadaye.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1959, akamaliza kidato cha nne mjini Bukoba mwaka 1970. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakamwachia chaki awaandikie ubaoni.

Mwaka 1971 aliajiriwa serikalini, Dar es Salaam, kama karani wa masijala. Februari 1985 alihamishiwa Dodoma, akapanga chumba Ipagala, kapera wa miaka thelathini na minne mwenye suruali zinazompwaya kiunoni. Suruali hizo ndizo zilizompeleka Kizota kwa fundi cherehani Raheli, binti wa Mzee Gideoni Ndahani wa hapa Zuzu. Suruali zilipokwisha, akaanza kupeleka mashati ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

Alileta posa Machi 1986. Mzee Gideoni hakuwa na neno juu ya kabila wala dhehebu. Shaka yake ilikuwa moja tu.

"Ninyi watu wa ofisi ni wapangaji," alimwambia. "Uhamisho ukija mnafunga godoro mnakwenda. Binti yangu nitamfuata wapi?"

Batholomeo, jasho likimtoka, akajibu kwamba yeye hahami. Atapanda hapa hapa tunda la kwao, nanasi, na la kwanza likiiva atalileta mwenyewe mkononi, ndipo apewe mke. Mzee alikuwa mtu wa uwele na mtama, mazao ya msimu mmoja, akaona ahadi hiyo ni ya kiume. Wakapeana mikono.

Kumbe bwana harusi mtarajiwa alikuwa mlaji wa mananasi tu, hajawahi kupanda hata moja. Kichwani mwake lingekuwa tayari Krismasi. Alinunua nanasi sokoni, akalila, akapanda kile kichwa chake chenye majani kwenye debe lililokatwa, nyuma ya chumba chake. Krismasi ikafika, debeni majani matupu. Mwaka 1987 ukaja ukaisha, majani. Na kila alipofika Zuzu kusalimia, baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliuliza, "Unahama lini?"

Naye alijibu, "Nanasi bado, baba."

Aliona haya kuomba sharti lilegezwe, kwa kuwa alijifunga mwenyewe. Raheli ndiye aliyetaabika. Wenzake wanaolewa, yeye kila Jumapili baada ya ibada anapita Ipagala kumwagia debe maji aliyosuzia nguo. Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Bato," alimwambia, "si ungeahidi mchicha?"

Julai 1988 nanasi likaiva, dogo kama ngumi. Batholomeo alivaa suti, akalileta Zuzu limefungwa kwenye leso. Mzee alilikata, akala taratibu, akajifuta mdomo, akauliza, "Lingine?"

"Mche mmoja hutoa moja, baba. Ukishazaa unakufa."

Mzee Gideoni alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Lakini Batholomeo alikuwa amebeba pia machipukizi mawili yaliyoota ubavuni mwa ule mche. Akayapanda karibu na bafu la mzee, maji yanapotokea, akayazungushia miba mbuzi wasiyaguse. Ndoa ilifungwa tarehe 10 Desemba 1988. Mungu akawajalia Evodia mwaka 1990 na Ernest mwaka 1993.

Mwaka 1995 serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Siku hiyo mzee alipouliza "Unahama lini?" hakuwa akitania, na sisi sote tulitega masikio. Marehemu alijibu vilevile, "Nanasi bado, baba," akahamishia familia yake hapa Zuzu. Mche wa kwanza ulikuwa umekwisha kufa zamani. Watoto na wajukuu wa mche huo walikuwa wamejaa nyuma ya bafu. Mafundi wa Kizota wanakumbuka vipande vya nanasi alivyowauzia, na hadithi alizowapigia bure.

Mwaka 1998 aligundulika kuwa na kisukari. Alikatazwa vitamu, naye alitii, isipokuwa alikuwa akiwakatia wageni nanasi kisha analamba kisu, na ukimwona anasema anakisafisha. Aprili mwaka huu figo zilianza kushindwa. Alifariki hospitalini Dodoma mjini Jumanne tarehe 15 Juni, Raheli akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana.

Jana kaka yake, Projestus, alifika kumchukua akazikwe Kamachumu, kama ilivyo desturi yao mtu kulazwa migombani kwao. Hatukubisha, ni haki yake. Alitembea peke yake nyuma ya bafu, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Kwetu hiki kitu kinajiotea. Hapa amekibembeleza kwa maji ya kufulia. Mtu habembelezi hivi mahali anapopita. Mlazeni hapa." Kaka, asante.

Marehemu ameacha mjane, Raheli, watoto wawili, Evodia na Ernest, kaka yake Projestus, baba mkwe, Mzee Gideoni, mashemeji wasiohesabika, na mananasi, ambayo machanga mtayaacha yaive.

Asubuhi hii mzee aliletwa mbele ya jeneza. Tulijua swali lake, tukainamisha vichwa. Hakuuliza. Aliweka mkono juu ya mbao, akatugeukia, akasema, "Huyu hahami."

Mungu amlaze kwa amani, hapa hapa kwao, Zuzu.