Machozi na Mlango wa Mbele wa Ukumbi wa Jiji

Usiku wa Alhamisi familia haikulala. Tulikaa sebuleni, simu ikiwa juu ya meza, tukisubiri uamuzi wa madiwani: je, jeneza la mwigizaji wa filamu liingizwe Ukumbi wa Jiji kwa mlango wa mbele, na sanamu yake iwekwe barazani, au la? Simu haikulia. Kulipokucha, mimi mama yake nikaanza kuandika haya, ili kaka yangu awasomee hapa barazani pa Ukumbi kwa niaba yangu.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 12 Machi 1989, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la fundi viatu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa dereva wa lori la taka la jiji na mfua nguo wa hospitali. Alizaliwa kimya, mkunga akahangaika naye mpaka jasho likamtoka. Baadaye alililipa deni hilo la kilio. Alikuwa akiombwa alie, analia. Jicho la kulia au la kushoto, uchague mwenyewe. Watoto wa mtaani wakamwita Machozi, na jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1996, kisha sekondari hadi 2006. Mwaka 2005 shule yao ilipeleka mchezo wa kuigiza Ukumbi wa Jiji. Bawabu akawazuia mlangoni: "Waigizaji nyuma, kule kwenye mapipa." Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. "Mama, lori la baba linapita mbele kila siku, mimi ndiye wa kupitishwa nyuma? Ipo siku nitapita mbele, na bawabu atanishikia mlango."

Aliingia kwenye filamu mwaka 2008. Walimpa nafasi za walevi, wachawi na wanaopora waume za watu, naye akazicheza hadi watu wakamchukia kwelikweli. Sokoni, muuza nyanya alimnyang'anya kikapu. "Kanunue kwa mume wa mtu!"

"Mume wa mtu hauzi nyanya, dada yangu. Nipimie."

Wakacheka wote wawili, akaongezewa na vitunguu.

Mara ya kwanza nilipomwona akichomwa kisu kwenye televisheni ya jirani, nilitoka mbio pekupeku hadi barabarani. Tangu hapo hakufa kwenye filamu bila kunipigia simu kwanza. "Mama, leo nakufa saa tisa, usishtuke." Jioni alipiga tena: "Nimeshafufuka. Mmenibakizia chakula?"

Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na seremala aliyejenga nyumba za kuigizia, zile zenye ukuta wa mbele tu. Mume wake alipenda kusema kwamba nyumba yenye kuta nne alimjengea mkewe peke yake. Mungu akawajalia binti mmoja.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake ulikuwa umepanuka, wakamwambia apumzike. Alipumzika kidogo, akarudi kazini. Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, alinipigia asubuhi. "Mama, leo nakufa kitandani, tena kwa heshima. Usishtuke." Alasiri alilala pale kitandani mbele ya taa, akavuta pumzi, akanyamaza. Mwongozaji alimnong'oneza mpiga picha, "Usizime, hajawahi kufa vizuri hivi." Wakaendelea kupiga. Fundi wa mavazi ndiye aliyemwita kwa jina lake la nyumbani, akaona haitikii. Walipotupigia simu kwamba Machozi amekufa, mdogo wake aliwajibu, "Tunajua, ametuambia asubuhi." Akakata. Ilibidi wapige tena.

Ijumaa asubuhi diwani wa mtaa wetu alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu, na kwa hilo tu tukajua. Alituambia kwamba mwenzake mmoja alisimama akauliza, "Watoto wakituuliza huyu mama alifanya nini, tuwajibu kwamba alilewa vizuri?" Naye diwani wetu akamjibu, "Yule tuliyempa daraja liitwe kwa jina lake alikula saruji ya daraja lenyewe, na watoto wanapita juu yake." Walicheka, wakapiga kura. Waliokataa walizidi kwa mtu mmoja.

Sikuitaka sanamu kwa ajili ya ufahari. Mjukuu wangu ana miaka minane, na shuleni wanamwambia mama yake alikuwa mwizi wa waume. Nilitaka akitoka shule apite hapa, auone uso wa mama yake ukiwa haulii, haujalewa, wala haumdanganyi mtu. Mzee wangu, baba yake, alifagia baraza hii jana kwa mikono yake, ingawa alishastaafu kazi ya jiji.

Marehemu ameacha mume, binti, baba, mama, na wadogo zake wawili, wa kike na wa kiume.

Kaka yangu akimaliza kusoma, wabebaji watalisogeza jeneza hadi kwenye mlango wa mbele, walitue pale kidogo, ndipo twende makaburini. Bawabu wa sasa ni kijana muungwana. Ameomba radhi kwamba funguo amenyang'anywa. Mlango umefungwa. Hatutabisha.

Lala, mwanangu. Jioni hii hatutaiweka simu mezani.