Kichwa Kipya cha Santuri ya Baba

Saa nne asubuhi, wenye kazi wakiwa kazini, benchi la nje ya kibanda cha Nehemiah, fundi wa redio pale Kitale, huwa limeshajaa. Wakiuru, muuza kahawa, anamimina vikombe. Wepukhulu, ambaye kijiwe kilimbatiza Digrii siku aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Kibabii na gauni la mahafali bila barua ya kazi, amepakata santuri kama aliyebeba mgonjwa. Baba yake aliimba humo na rafiki yake mmoja, ujana wao ukiwa haujaisha. Baba alifariki Digrii akiwa bado ananyonya. Sauti yake hajawahi kuisikia ila kupitia mikwaruzo kama ya mafuta yanayochemka kikaangoni.

Mwezi mzima walibishana dawa. Ngari, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kulinda geti la kampuni ya simu, alishauri waweke sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili sindano itulie. Waliweka, sindano ikachimba ubeti wa kwanza kama jembe. Digrii hakumsemesha siku tatu, kisha akarudi benchini. Angeenda wapi?

Leo Nehemiah amefunga kichwa kipya cha kushika sindano, cha mono.

— Kile cha zamani kilikuwa cha stereo, akaeleza. Kinasikiza kando na juu-chini, kinaokota kila vumbi. Hiki kinasikiza kando tu, vile santuri yenyewe ilichongwa.

— Shida ni stima, akasema Ngari. Asubuhi inapitia posho mill zote za kusaga mahindi, ikifika hapa imechoka. Si ndio maana hata wewe Digrii hupati kazi? Simu yako inachajiwa na stima iliyochoka.

— Injinia, hiyo theory peleka kwa geti. Nyamaza bana, akasema Digrii.

Sindano ikashuka. Gitaa likatoka safi, kisha sauti mbili za vijana, zikipokezana pumzi. Digrii akafumba macho. Hakuna aliyegusa kikombe.

Mama mmoja aliyeleta redio yake kutoka Kachibora, Phelista, alikuwa amesimama akingoja zamu, habari za santuri ya baba ameshazisikia benchini. Alisikiza hadi mwisho.

— Wameimba vizuri, akasema. Sasa babako ni yupi?

Mama yake Digrii angejua. Yule rafiki angejua. Wote wawili walishazikwa. Na Digrii mwenyewe, miaka yote hiyo, alidhani ni kelele zilizomficha baba.

— Rudisha mwanzo, akasema polepole.