Aliyeufuata Ukoo wa Kijidudu

Basi yule kijidudu alitoka kwa kuku wa mjini, hakutoka mkononi kwangu, na aliyekwenda kumtafuta mpaka akampata ni huyu Severin Maganga mnayemuaga. Andika hivyo hivyo, Jesca, usininyooshee maneno. Anastaafu tarehe thelathini Juni, miaka thelathini na mmoja yuko maabara hiyo ya vyakula hapo Morogoro mjini. Wenzake wanasema alianza enzi za kuotesha vijidudu kwenye visahani na kuchungulia kwa darubini. Mashine ya kusoma vinasaba ilipokuja ana mvi tayari, akakaa na vijana akajifunza. Hayo watasema wao. Mimi Josephina wa huku mlimani, njia ya Kinole, nasema niliyoyaona.

Ilikuwa kipaimara cha Faraja, mtoto wa jirani yangu Regina. Kachumbari nilikata mimi. Huku kwetu hakuna sherehe kachumbari ikakatwa na mwingine. Nyanya nakata nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Marehemu mume wangu alikuwa anasema alinioa kwa ajili hiyo, muongo yule, alinioa kwa sababu dada yangu alimkataa. Haya. Kesho yake watu wakaanza kuharisha, wote walioila kachumbari. Faraja akalazwa, homa, macho yameingia ndani, tukajua tunamzika.

Regina akaja uani kwangu akasema, "Bibi Josephina, mkono wako una nini?" Hilo huku si swali la usafi. Wengine walishamaliza, bibi ni mlozi. Ukienda msibani unaambiwa kaa tu bibi, pumzika. Ukipeleka chakula kwa jirani, sahani inarudi imejaa. Hata Faraja alipopona hakikubadilika kitu. Mtu mlimani akiachwa hivyo ameshakufa, anasubiri kaburi tu.

Ndipo akapanda Severin na viatu vyake vya mjini, ameshika kisanduku cha barafu. Nikamuuliza kabila, akasema Mnyamwezi. Nikashukuru, maana huyo kwetu Waluguru ni mtani, unamwambia lolote. Akapangusa kisu changu na ubao kwa vijiti vya pamba, akapangusa na viganja. Nikamwambia, "Mtani, mbona unaniosha kama maiti?" Akasema, "Nyinyi mmezoea kuoga ukungu, leo mmoja wenu aoge vizuri." Watu waliokuwa wamesimama mbali wakacheka. Tangu kipaimara sikuwa nimesikia mtu akicheka uani kwangu.

Choo cha wagonjwa kilikuwa kimeshapelekwa kwake kutoka hospitali. Akachota na tope la mferejini, akaenda mpaka kwenye banda la mjini walikonunuliwa kuku wa sherehe. Maana kuku walichinjwa juu, kwa msimamizi wa Faraja, wakaoshwa kwenye mfereji. Sisi tuko chini tunaosha nyanya, na maji ni hayo hayo. Mlimani kila mtu anaosha mferejini, nani anauliza aliye juu yake anaosha nini?

Majibu yalipotoka akarudi Jumapili moja, akasimama nje ya kanisa baada ya misa. Akasema huyu anaitwa salmonela, hana baba, mama anajigawa tu wanakuwa wawili, kwa hiyo ukisoma vinasaba vyake unamfuata mama, bibi, mpaka bibi wa bibi. Mzee Yakobo akamkata: "Hilo usitufundishe, Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama siku zote." Severin akasema, "Basi mzee, pole, kijidudu ni ndugu yenu."

Wa Faraja, wa mferejini na wa bandani wakawa ukoo mmoja. Kwangu hakukutwa hata binamu yake. Kisha akawatumia wenzake wa nchi nyingine kwa kompyuta, wakalinganisha. Ndugu wa yule kijidudu wakakutwa Ulaya na Amerika, wamesafiri kwa ndege na vifaranga wa mbegu wanaouzwa nchi kwa nchi. Mimi hata Dodoma sijafika. Na huko nako watu wakaonywa, huku banda la mjini likasafishwa, sisi tukatenga pa kuoshea nyama mbali na mfereji.

Siku ile nje ya kanisa, alipomaliza kusema akanigeukia. "Mtani, nimepanda mlima mara mbili sijala." Nikakata kachumbari, nyanya nimezisafisha kwa maji yaliyochemka. Akala mbele ya watu wote, akaongeza. Regina akaangalia, akachukua naye. Radhi hajaniomba mpaka leo, nami sijamdai.

Asante, Severin. Nyumba nyingi zinakula salama kwa sababu yako na hazikujui, mimi nakujua. Rudi Tabora ule asali, Mungu akuachie meno, na usikose mtu wa kutaniana naye. Nilitaka kusema na habari ya dereva wenu Stephano alivyoteleza na kile kisanduku...

Ngoja. Regina huyo ananiita, leo anamwoza binti yake Prisca. "Bibi Josephina, wageni wameshafika, kachumbari nani akate?"

Malizia wewe, Jesca. Naenda.