Kilo za Dume la Bandani

Nilikuwa nimeketi nyuma yao kwenye treni ya asubuhi, gazeti mkononi, lakini gazeti lenyewe sikulisoma. Mwenye bucha, aliyekwisha kulitangazia behewa zima kwamba anashukia machinjioni, alikuwa anamweleza mama mmoja mfugaji kwamba ng'ombe wa kienyeji ni hasara tupu. "Jana nimechinja madume mawili ya umri mmoja, mama. Lile chotara limetoa kilo mia mbili na themanini za nyama. Lile nililonunua kwako, mia moja na ishirini, tena mifupa humo humo. Achana nao!"

"Hilo chotara lilikuwa linalala wapi?" mama akauliza.

"Bandani."

"Likila nini?"

"Pumba, mashudu, majani ya kukatiwa."

"Na langu je?" Mama akamgeukia mzima mzima. "Langu limeshindia nyasi kavu za kiangazi, maji linayafuata nusu siku, na kwako limekuja kwa miguu yake, siku tatu! Ukalichinja hata halijapumua! Hiyo ni mizani au ni uonevu?"

Sijawahi kuona mtu akimtetea ndugu yake hivyo, sembuse ng'ombe.

Mwenye bucha akacheka kidogo. "Biashara ni kilo, mama."

"Haya, kaka. Na jana jioni, jikoni kwa mkeo ulipeleka nyama ya lipi?"

Mwenye bucha akakohoa. Treni iliposimama akashuka, vituo viwili kabla ya machinjio.