Tangazo la Vestine

Wakati wa vita, ndani ya basi la kutoka Rumonge, mwenye duka mmoja alijitambulisha kwangu, niliyeketi kando yake: Salmin. Mwanamke mwenye kikapu cha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akageuka. "Ni wewe uliandika juu ya tangazo yangu pale sokoni? Mimi ni Vestine." Alikuwa akimtafuta mama yake, ambaye walipotezana naye wakikimbia risasi.

"Uliandika 'alikuwa murefu'," Salmin akajibu kwa upole. "Nikaongeza pembeni 'iko murefu'. Mutu anayetafutwa hatumusemi kama marehemu, dada. Maneno yako sikufuta, na jina yangu niliweka."

"Ungeniomba kwanza. Ni mama yangu."

Mimi ni mwalimu. Miaka ishirini nimefuta maneno ya watu bila kuweka jina. Nilimwona Salmin muungwana kunishinda.

Basi likasimama Gitaza. "Nirudi nifute yangu?" Salmin akauliza.

"Iache," Vestine akasema akishuka, "lakini bado nimekukasirikia."