Pumba Zilizokunywa Buluu

Mwanamke mtia rangi vitambaa alikaa mbele yangu kwenye garimoshi la asubuhi, vidole buluu mpaka kwenye kucha. Jirani yake, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa ameshatutangazia kwamba anashuka mwisho wa reli.

"Maji machafu ya rangi nayasafisha kwa pumba za mpunga," mwanamke alimwambia.

"Dada, hizo nazo ni pumba," alijibu jirani, akacheka peke yake.

"Pumba kweli, kaka, na nimezichoma. Leo mkaguzi asiporidhika ananifungia karakana, kwa hiyo usinichekeshe."

Alitoa chupa iliyokatwa kitako, akaishika mdomo ukiwa chini, umezibwa kwa kitambaa. Ndani mlijaa pumba nyeusi. Akamimina maji ya buluu kama wino. Nilikunja gazeti. Kemia nimeisoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti, lakini sikuwahi kuona jambo kama hili: chini yalidondoka matone maangavu kwenye bilauri aliyoikinga, nayo ilipojaa niliviona vidole vyake upande wa pili.



"Na mimi nazimwaga jalalani kila siku!" alinong'ona mwenye mashine. Kisha akajikaza. "Haya, yanywe."

"Nimesema hayana rangi, sijasema ni chai."

"Sawa. Na pumba zilizokunywa hiyo buluu utazitupa wapi? Mkaguzi atakuuliza."

 Garimoshi likasimama. Mwanamke alishuka ameshika bilauri kwa mikono miwili, na mwenye mashine akamfuata na ile chupa, akiuliza bado. Mwisho wa reli ulikuwa bado mbali.