Damu Yetu na Kuku wa Bi Peng

Sogeeni, wanangu, mnisikilize maadamu ulimi haujawa mzito. Nyumba hii ni yako, Kuo-hsiang, kifungua mimba wangu. Shamba la chai mgawane na dada yako nusu kwa nusu, na atakayesema binti aliyeolewa hana fungu kwao, mwambieni mama alikataa akiwa na akili zake timamu. Hayo mepesi. Zito ni tumbo la mjukuu wangu Hsin-ju, mimba ya miezi saba, na sufuria ambayo mama mkwe wake, Bi Peng, ameiinjika mapema huko jikoni: kuku wa mafuta ya ufuta, tangawizi na pombe ya mchele.

Kuku huyo ni heshima ya aliyejifungua kwetu Wahakka, sikatai. Lakini ndiye aliyemzika dada yangu Tsai-mei. Alijifungua salama, wakamlisha bakuli juu ya bakuli katika mwezi wake wa kulala ndani, na alipojikunja kwa maumivu wakasema, "Mlafi huyo, kavimbiwa!" Mlafi! Anayelishwa kwa lazima, akimeza huku analia, ndiye mlafi? Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Dada yangu hakuchuma kitu, alirithi.

Nami nilipokuwa na mimba yako, Kuo-hsiang, walinitoa damu, ikatulia kwenye kichupa, juu ikawa nyeupe kama tui. Daktari akaniambia ukoo wetu hauwezi kuyaondoa mafuta kwenye damu upesi, na homoni za mimba huyapandisha zaidi. Ukiongeza mlo wa mafuta na pombe, kongosho linavimba na kuwaka, kama la Tsai-mei. Nikashika samaki wa mvuke na mboga, ukazaliwa, damu ikatulia. Hedhi ilipokatika nikapewa vidonge vya homoni vya kupunguza joto la mwili, nikaanguka, damu nyeupe tena: adui yule yule, kabadili mlango tu. Hsin-ju, ukipewa kidonge chochote, hata cha uzazi wa mpango, taja kwanza damu ya kwenu.

Bi Peng, toka huko nyuma ya pazia. Jana ulisema, "Ajuza huyu anataka mtoto wetu azaliwe kama panya." Nilikusikia, kilichokufa ni miguu, si masikio. Sikuchukii, mkwe mwenzangu, unapika ulivyofundishwa. Sasa sema mbele yao, utampikia nini? Samaki, umesema. Wa kukaanga? Wa mvuke, haya. Na pombe? Sauti, Bi Peng... Hata tone. Mmesikia nyote.

Nikifumba macho, msikimbilie karamu ya msiba. Wageni waacheni wajilie, ninyi wa damu yangu mlale bila kula, asubuhi mwende mkapimwe mafuta kwenye damu, wanaume pia, maana urithi huu haubagui. Hayo ndiyo machozi ninayoyataka kwenu.

Lete mkono, Hsin-ju... Uzae salama. Uzeeke... uwasumbue wakwe zako kama mimi... Koo limekauka. Maji... la, mpeni yeye kwanza.